Kadari na Makadirio: Kiswahili cha Takwimu za Mafuriko na Wakazi wa Huruma

Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi ambazo Kiswahili kinatumia, au kingepaswa kutumia, katika kueleza ukadiriaji wa hatari ya mafuriko kwa njia ya takwimu. Mifano mingi imetolewa katika mtaa wa Huruma, Nairobi, ulio katika eneo bunge la Mathare, ambako Mto Mathare hupita nyuma ya majumba ya ghorofa na vyumba vya mabati. Huenda msomaji akauliza elimu ya mito inahusiana vipi na jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba wahandisi wana hesabu zao, na hesabu hizo huandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wahandisi wengine. Anayelala kando ya mto huambiwa kwa Kiswahili. Katika safari hiyo fupi kutoka lugha moja hadi nyingine, maana hupotea, na anayeathirika na upotevu huo si mhandisi.

Usuli wa tatizo haujifichi. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa lililosimama karibu na mto liliporomoka Huruma na kuua watu takriban 50. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa halifai kukaliwa na watu. Miaka minane baadaye, katika masika ya 2024, mto ulivunja kingo zake usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili, ukabeba nyumba na watu katika Mathare na mitaa ya jirani. Kufikia mwanzoni mwa Mei mwaka huo, zaidi ya watu 200 walikuwa wamekufa kote nchini. Serikali iliwaamuru wakazi wa kingo za mito waondoke, na nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni zikabomolewa. Katika maafa yote hayo mkazi alisikia maneno matatu yakirudiwarudiwa: hatari, utabiri na mita 30. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomweleza kwa kiasi gani, wala mara ngapi.

Bonde ni lipi?

Tuanze na neno linaloonekana jepesi. Katika shughuli rasmi za maji nchini Kenya, eneo lote ambalo mvua yake huishia katika mto mmoja huitwa bonde la mto huo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji huigawa nchi katika maeneo sita ya namna hiyo, likiwemo la Athi na la Tana. Lakini kwa mkazi wa Huruma, bonde ni mahali pa chini, penye matope, kati ya kilima na kilima. Bonde la Mathare kwake ni kule nyumba zilikobanana. Maana hizi mbili hazilingani hata kidogo. Kwa maana ya mtaalamu, nyumba ya kifahari iliyo juu mlimani Muthaiga imo bondeni sawasawa na chumba cha mabati kilicho ukingoni, kwa sababu maji ya mapaa yote mawili yataingia mto mmoja. Kwa maana ya kawaida, mwenye nyumba ya Muthaiga hajawahi kuishi bondeni maishani mwake, na pengine angechukia kuambiwa hivyo.

Tofauti hii ya kisemantiki ina matokeo. Mto Mathare huanzia sehemu za juu za kaskazini-magharibi mwa jiji, ukapita Muthaiga, ukashuka Mathare na Huruma, ukajiunga na Mto Nairobi upande wa mashariki. Mto Nairobi nao huingia Athi. Athi ukishuka nyanda za chini huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Kwa hiyo tone la mvua lililoanguka katika ua wa Muthaiga lina safari ya kufika pwani, na Huruma ni kituo cha mapema tu katika safari hiyo. Anayekadiria mafuriko ya Huruma kwa kuitazama Huruma peke yake amekosea tangu mwanzo.

Hesabu ndogo itasaidia. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000 za maji, yaani lita milioni 1. Mvua ya milimita 50 ni lita milioni 50. Tuchukulie, kwa mfano wa kubuni, kwamba eneo hilo lilipokuwa na miti na udongo, sehemu 3 kwa 10 za maji hayo zilitiririka na nyingine zikanywewa na ardhi. Lita milioni 15 zingefika mtoni. Eneo hilohilo likifunikwa kwa saruji, lami na mabati, sehemu 8 kwa 10 zitatiririka, na mto utapokea lita milioni 40, tena kwa haraka zaidi. Mvua ni ileile, mawingu ni yaleyale, lakini mto si uleule. Neno linalopendekezwa hapa kwa maana ya mtaalamu ni eneo la mkusanyiko wa maji, ingawa ni refu; neno bonde liachiwe maana yake ya asili. Wako wanaopendekeza beseni. Beseni ni la kufulia, na ni vigumu kumshawishi mkazi wa Huruma kwamba anaishi ndani yake.

Kipindi kisicho na ratiba

Istilahi iliyoleta madhara makubwa zaidi ni ile ya mafuriko ya miaka mia. Wahandisi huiita kipimo cha marudio, na vitabu vichache vya Kiswahili vinavyoigusia husema kipindi cha marejeo. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, marejeo ni orodha ya vitabu mwishoni mwa tasnifu, lakini hilo si kosa kubwa. Kosa kubwa limo katika neno kipindi. Kipindi ni cha darasani, au cha redio. Kina saa ya kuanza na saa ya kwisha, na kikiisha mtu husubiri kingine. Anayeambiwa kwamba mafuriko yana kipindi cha miaka 100, na kwamba yamekuja mwaka 2024, ana haki kabisa ya kuelewa kwamba yatarudi mwaka 2124. Atajenga upya palepale, na atakuwa amefuata Kiswahili alichopewa.

Ilhali mtaalamu hakumaanisha hivyo. Alimaanisha kwamba katika mwaka wowote, uwezekano wa mto kufikia au kupita kimo fulani ni 1 kwa 100. Mwaka unaofuata uwezekano huo ni uleule 1 kwa 100. Mto hauna kumbukumbu ya kwamba umekwisha kufurika, kama vile sarafu isivyokumbuka upande ulioangukia mara ya mwisho. Ukitaka kujua mtu aliyezaliwa ukingoni na kuishi hapo hadi umri wa miaka 30 ana uwezekano gani wa kuyaona mafuriko hayo, unachukua uwezekano wa kutoyaona katika mwaka mmoja, yaani 0.99, ukauzidisha kwa wenyewe mara 30. Jibu ni takriban 0.74. Kinachobaki, asilimia 26, ndicho kipimo cha hatari yake: zaidi ya mtu 1 kati ya 4. Kwa muda wa miaka 100 kamili, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni asilimia 63. Kwa maneno mengine, karne nzima inaweza kupita bila mafuriko ya miaka mia, na karne nyingine ikayaona mara mbili au tatu, na hesabu isiwe na kosa.

Mpangaji wa Huruma, hata hivyo, hapangi kwa karne. Anayekaa ploti moja kwa miaka 10 anahitaji kujua zaidi habari za mafuriko madogo yenye uwezekano wa 1 kwa 10 kila mwaka. Kwake uwezekano wa kuyaona angalau mara moja katika miaka hiyo ni asilimia 65. Hayo ndiyo yatakayomharibia godoro, unga na vitabu vya watoto, na hayatajwi sana magazetini.

Hapa lugha yenyewe inatoa msaada ambao istilahi imeukataa. Kiswahili kina gharika na kina mafuriko. Gharika, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kuzama, limefungamana na kisa cha Nabii Nuhu: ni tukio moja, la adhabu, lisilo la pili. Mafuriko yametokana na kufurika, kitendo ambacho hata sufuria ya uji hukifanya, na ambacho hakuna anayekishangaa kikitokea tena. Vichwa vya habari hupenda gharika kwa sababu ya uzito wake. Kwa kufanya hivyo huifanya hesabu isiwezekane, maana tukio la pekee halina mara wala wastani.

Kumbukumbu fupi za mto

Namba hizo hupatikanaje? Njia ya msingi ni kuandika kila mwaka kimo au mtiririko wa juu kabisa wa mto, kisha kuipanga miaka kuanzia mkubwa hadi mdogo. Tuseme, kwa kubuni tena, kituo kina vipimo vya miaka 24. Idadi hiyo huongezwa 1, ikawa 25, na kugawanywa kwa nafasi ya kila mwaka katika mpangilio. Mwaka wa kwanza hupewa 25, yaani uwezekano wa 1 kwa 25. Wa pili 12.5, wa tatu 8.3, na kuendelea. Kisha huchorwa mstari unaopita karibu na alama hizo, na mstari huo ukarefushwa hadi 100. Hapo ndipo mashaka yalipo: miaka 24 ya ushahidi inaulizwa habari za miaka 100. Alama moja tu ya juu ikisogea, mwisho wa mstari husogea sana. Ndiyo maana kila kadirio la aina hii lapaswa kutolewa pamoja na mipaka yake ya chini na ya juu. Mipaka hiyo ndiyo kitu cha kwanza kuachwa taarifa inapotafsiriwa kwa Kiswahili.

Nadharia ya mstari huo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Emil Julius Gumbel, mwanahisabati wa Ujerumani aliyechapisha kitabu chake kikuu juu ya takwimu za viwango vya kupindukia mwaka 1958. Kabla ya kuhesabu mafuriko, Gumbel alihesabu mauaji ya kisiasa katika nchi yake baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuonyesha jinsi mahakama zilivyowaonea huruma wauaji wa upande mmoja. Alipoteza kazi yake katika Chuo Kikuu cha Heidelberg mwaka 1932, akakimbilia Ufaransa, kisha Marekani mwaka 1940. Msomaji wa fasihi ataona kwamba mtu huyo alikuwa na jicho la kutazama yale ambayo wengine waliyaita nadra.

Mto mkubwa na mto mdogo hutofautiana hapa kwa namna isiyotarajiwa. Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, una kituo cha vipimo Garissa chenye miongo mingi ya kumbukumbu, zikiwemo mvua za 1961 ambazo wazee wanaziita za Uhuru, na za El Niño za 1997 na 1998. Maji yake hupanda kwa siku kadhaa, na mtu wa Garissa huweza kupata habari za mvua ya milimani kabla maji hayajamfikia. Mathare, mto mdogo, hupanda kwa saa chache usiku watu wakiwa wamelala. Hivyo mto wenye watu waliobanana zaidi ndio wenye onyo fupi zaidi, na mara nyingi ndio wenye vipimo haba.

Wataalamu wana njia ya kuziba pengo hilo. Kwa kuwa vituo vya mvua vilitangulia vituo vya mito na ni vingi zaidi, hukadiria kwanza mvua kubwa, kisha huigeuza kuwa mtiririko kwa kutumia ukubwa wa eneo, mteremko na aina ya ardhi. Mwaka 1976 maabara ya Uingereza ya utafiti wa uchukuzi na barabara, TRRL, ilichapisha njia ya namna hiyo kwa ajili ya Afrika Mashariki, ili wajenzi wa madaraja na makalvati wapate pa kuanzia palipokosa vipimo. Njia nyingine ni kukopa: mito mingi ya eneo lenye tabia moja hukusanywa, na miaka michache ya kila mmoja ikaungwa kuwa ushahidi mmoja mpana. Ni kama mtafiti wa lahaja anayekosa wazee wa kutosha katika kijiji kimoja, akaenda vijiji vya jirani. Ukopaji huo hufaa mradi majirani wafanane kweli. Mto unaopita katikati ya Huruma haufanani na mto wa mashamba ya chai Kiambu, hata vyanzo vyao vikikaribiana.

Liko pia tatizo la dhana yenyewe. Hesabu yote iliyotangulia huchukulia kwamba miaka haitegemeani na kwamba mto wa leo ndio wa jana. H. E. Hurst, Mwingereza aliyefanya kazi Misri kwa muda mrefu, alizichunguza kumbukumbu za Nile, ambazo kwa kimo cha maji cha Kairo zinarudi nyuma hadi mwaka 622, na mwaka 1951 akaonyesha kwamba miaka ya maji mengi hupenda kufuatana, na ya ukame vivyo hivyo. Ziwa Victoria lilithibitisha jambo hilo kwa macho ya watu: lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na halikurejea mara moja. Kwa Tana, mto wenyewe ulibadilishwa: mabwawa ya Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988) yalizuia sehemu ya maji. Vipimo vya kabla na vya baada haviwezi kupangwa katika orodha moja bila kurekebishwa. Kwa Mathare, saruji imefanya kinyume cha bwawa. Hali ya hewa inayozidi joto nayo huongeza mvuke unaobebwa na mawingu. Kwa hiyo kile kilichokuwa 1 kwa 100 wakati fulani huenda sasa ni 1 kwa 50, bila jina lake kubadilika.

Kadari, kudura na makadirio

Kadiri, kadari na kudura ni ndugu: zote zimetokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, q-d-r, wenye maana za kupima na za kuweza. Katika Kiswahili ndugu hao wameachana njia. Kadari ni yale aliyokwisha kuandikiwa mtu. Kukadiria ni kupima bila kuwa na kipimo kamili. Mkazi anaposema kwamba mafuriko ni kudura ya Mungu, baadhi ya wataalamu humwona mjinga. Hukumu hiyo ni ya haraka. Anachosema ni kwamba hajui siku wala saa, na mtakwimu naye hajui siku wala saa. Wanatofautiana katika swali la pili: je, kutojua siku kunamaanisha kutojua kadiri? Mzizi wa neno lake mwenyewe unaruhusu jibu la hapana.

Utabiri ni jambo jingine. Idara ya Hali ya Hewa hutabiri kwamba wiki ijayo kutakuwa na mvua kubwa. Makadirio husema mto huu hufikia kimo hiki mara ngapi. La kwanza humwambia mtu ahamishe watoto leo, la pili humwambia asijenge pale kabisa. Katika taarifa nyingi yote mawili huitwa utabiri, neno linalotumika pia kwa waaguzi na manabii, na utabiri mmoja ukikosa kutimia, makadirio nayo hudharauliwa.

Neno hatari nalo limebebeshwa mizigo mingi mno. Yafaa litenganishwe na tishio. Tishio ni maji yenyewe na uwezekano wake. Hatari ni tishio hilo likikutana na watu na mali. Maji ya kimo kilekile yakiingia uwanja mtupu wa mpira hakuna hatari kubwa. Yakiingia vyumba vya chini vya ploti usiku, ni maafa. Wapokomo wa Tana kwa vizazi vingi wamepanda mpunga na migomba kwa kutegemea mafuriko yanayoacha udongo wenye rutuba, na mabwawa yalipoyapunguza walipata hasara. Kwao si kila furiko ni tishio.

Mita 30 na maneno ya tangazo

Kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kingo kuwa usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30, kwa kutegemea upana wa mto. Huo ni umbali, na umbali si uwezekano. Nyumba iliyo mita 20 kutoka mtoni juu ya jabali inaweza kuwa salama kuliko iliyo mita 45 penye tambarare. Kipimo cha mita ni rahisi kwa mwenye tingatinga, kwa kuwa hakihitaji kituo cha vipimo wala mstari wa Gumbel. Aliyevunjiwa jabalini huona uonevu, na aliyeachwa tambarareni hudhani amethibitishiwa usalama. Ramani ya makadirio ingewatenganisha watu hao wawili kwa haki zaidi, ingawa ingemlazimu afisa kueleza namba zake hadharani.

Tuseme ramani hiyo imekwisha kuchorwa, na tangazo linatakiwa kubandikwa kwenye lango la ploti. Tafsiri ya moja kwa moja ingesoma: Eneo hili limo katika bonde la mafuriko lenye kipindi cha marejeo cha miaka 20. Kila neno zito katika sentensi hiyo limekwisha kuonekana likipotosha. Badala yake pangeweza kuandikwa hivi: Kila mwaka, uwezekano wa maji ya mto kufika kwenye alama hii ukutani ni 1 kwa 20. Yakija mwaka huu, mwakani yanaweza kuja tena. Anayekaa hapa miaka 20, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni zaidi ya 6 kwa 10. Alama yenyewe ichorwe kwa rangi kwenye ukuta, ili kimo kisibaki namba. Vitenzi navyo vichaguliwe kwa uangalifu. Maji yatafika ni ahadi, na mwaka mmoja mkavu unatosha kuifanya uongo. Maji hufika ni mazoea, na mtu huzoea. Yanaweza kufika, likiandamana na kiasi, ndiyo kauli pekee kati ya hizo tatu ambayo mtakwimu angeweza kuitia sahihi.